Hati za Debe la Katonga

Ngwa!

Mara moja tu. Fimbo juu ya debe tupu la mafuta ya taa, kisha kimya, kisha ziwa likaendelea na mambo yake. Marsiana binti Kasongo aliishi miaka mingi baada ya asubuhi ile. Alizika watu, aliozesha watu, alihamishwa nyumba akahamishwa tena. Lakini ukimuuliza ni sauti gani iliyomkaa sikioni maisha yake yote, hakutaja kengele ya kanisa wala kilio cha kwanza cha mwanawe. Alitaja pigo lile moja, na akilitaja alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

Ili kumjua Marsiana, inabidi kwanza kulijua debe.

Pale Katonga, pwani ya Ziwa Tanganyika karibu na Ujiji, mahali wavuvi waliposhushia samaki, palikuwa na jiwe bapa, na kando ya jiwe alikaa Mzee Dunia, mwembamba kama utambi. Kapu la dagaa likiwekwa juu ya jiwe, wachuuzi walishindana bei, na bei ilipokoma Mzee Dunia alilipiga debe lake, pigo moja kwa kila shilingi. Likilia mara nne, kapu limekwenda kwa shilingi nne. Hivyo hata aliyekuwa bado kitandani alijua dagaa wameamkaje. Waliolala na wake zao walihesabu. Waliolala na wake za wenzao walihesabu pia, wakajua saa ya kutoka imefika.

Marsiana alikuwa mwanamke wa kununua dagaa jiweni, kuwaanika mchangani na kuwauza wakavu. Baba yake alivuka ziwa kutoka Moba, upande wa Kongo, akiwa na mke, nyundo na kapu. Nyundo ikaibiwa, mke akafa, kapu likabaki. Lilikuwa kapu la kipimo, la matete yaliyosukwa yakabana kama meno ya samaki mgebuka, na Mzee Dunia alilipokea jiweni bila kulipima. Mume wa Marsiana naye alikufa, kwa homa, baada ya kukataa dawa kwa kuwa ilikuwa chungu. Alimwachia mtoto mmoja, Faustini, ambaye sasa alifanya kazi ya reli Tabora, na kwa jina la mtoto huyo watu walimwita mama yake Mama Faustini.

Alichokitaka Mama Faustini ni kipe. Mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu katikati, taa za karabai zikining'inia juu ya maji kuwahadaa dagaa. Mwenye kipe hanunui jiweni. Mwenye kipe ndiye anayeweka kapu. Bei yake, pamoja na wavu na taa nne, ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili.

Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, na redio ilisema kila mtu ajenge taifa. Mama Faustini akavaa kitenge chake cha misa akaenda benki moja mjini.

"Dhamana yako ni nini, mama?" akauliza kijana wa benki.

"Nyumba."

"Ina hati?"

"Ina mlango."

Kijana alimshukuru kwa kufika.

Wiki ile ile alipeleka kifurushi cha dagaa stesheni ya Kigoma kiende kwa Faustini. Aliyepima vifurushi alikuwa Oswald, karani mjane, mtu wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na ukungu. Oswald alikuwa na mwandiko mzuri kuliko padri, na hakula dagaa. Alisema dagaa humtazama, na kwa kuwa ni wengi, humtazama kwa pamoja. Siku hiyo alikuwa akijipepea kwa karatasi yenye muhuri mwekundu.

"Hiyo ni nini, Bwana Karani?"

"Hati ya mkopo. Kampuni moja ya Dar es Salaam imekopa kwangu shilingi mia."

"Kampuni ikukope wewe? Mwenye kaptura yenye viraka viwili?"

"Si mimi peke yangu. Tuko mamia, kila mmoja kidogo. Kila mwaka inanipa shilingi tano za faida, na mwaka wa kumi inanirudishia mia yangu."

"Tano hata mwaka wa njaa?"

"Hata wa njaa."

"Na mwaka wa neema?"

"Tano."

Mama Faustini alikifunga kifurushi chake fundo la pili, lililokuwa halihitajiki. "Basi kila mwaka kuna mmoja wenu anayelia," akasema. "Ama wewe, ama kampuni. Mnapokezana tu."

Alirudi Ujiji kwa miguu, na njia nzima alikuwa akisema peke yake. Watu waliompita walidhani anasali.

Aliyoyasema yalikuwa haya. Kama benki haina imani naye, atawakopa watu kumi na wawili, mia mia, na kila mmoja atampa karatasi. Baada ya miaka mitatu, kila mia itarudi mia, hiyo haichezi. Itakayocheza ni faida. Haitaandikwa tano wala sita, bali itafuata debe. Kila nusu mwaka, siku moja iliyowekwa, watu watasikiliza Mzee Dunia amepiga mara ngapi kapu la kwanza, waongeze moja, na hiyo ndiyo faida ya kila mia kwa nusu mwaka inayoanza. Debe likilia mara nne, faida ni tano. Likilia mara sita, ni saba. Husomwa mwanzo wa nusu mwaka, hulipwa mwisho wake, ili mdai na mdaiwa wote wajue mapema kinachokuja, wasijue tu cha nusu mwaka ya mbele, ambacho hata malaika hawakijui. Dagaa wakipanda bei, yeye mwenye kipe anapata zaidi, basi na alipe zaidi. Wakishuka, amepata kidogo, basi na alipe kidogo. Hakuna wa kulia peke yake.

Siku hizi wasomi huziita karatasi za namna hiyo hatifungani za riba inayobadilika, na huzivalia tai. Mama Faustini alizivalia kanga.

"Debe nimelielewa," alisema jirani yake Mwanaima, waliyeanika naye dagaa miaka kumi bega kwa bega. "Ile moja ya kuongeza ni ya nini?"

"Ni ya kuniamini. Angekopa askofu, asingeongeza kitu."

"Angekopa askofu, shoga, hata hiyo mia isingerudi."

Shehe aliposikia alisema Ijumaa kwamba riba ni riba hata ikinuka samaki. Padri naye, bila kushauriana na shehe, alisema Jumapili jambo lile lile. Jumamosi hakuna aliyesema kitu, na hati ziliuzwa Jumamosi.

Ziliuzwa barazani kwa Anatoli, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa, mtu wa misa ya kwanza na mizani ya pili. Anatoli alichukua hati tano. Mwanaima alichukua moja, kwa fedha alizokuwa akizificha ndani ya mto wa kulalia. Oswald alichukua moja. Tano zilizobaki zilikwenda kwa wanawake wa mchangani, wawili wakichangia moja, watatu wakichangia nyingine, mpaka zikaisha. Mzee Dunia alikataa. "Mkono unaopiga debe," alisema, "usipewe sababu ya kupiga."

Anatoli alikuwa na sharti. "Mama Faustini, dagaa wakijaa mpaka kapu likauzwa shilingi moja, mimi nitapata nini? Nataka sakafu. Faida isishuke chini ya tatu."

"Haki yako. Basi na mimi nipe dari. Isipande juu ya nane."

"Dari ya nini? Umesema mwenyewe, wakipanda na wewe unapata."

"Nyumba yenye sakafu bila dari, Bwana Anatoli. Mvua ikinyesha itamnyeshea nani?"

"Atakayekuwa ndani."

"Ndani nimo mimi."

"Basi omba jua."

Watu wakacheka, na kicheko kikapita na dari ya Marsiana. Sharti la mwisho nalo likaandikwa: akichelewesha faida kwa siku saba, kipe kinakwenda kwa mwenye hati nyingi. Mwenye hati nyingi alikuwa anatazama dari ya baraza lake kana kwamba hajasikia.

Oswald aliandika zote kumi na mbili kwa mwandiko ule mzuri. Mama Faustini alimwambia siku ya kusoma debe iwe asubuhi ya kwanza ya giza. Oswald alitabasamu kwa huruma ya mtu aliyesoma.

"Mama, hati haiandikwi 'giza'. Hati inataka tarehe. Tarehe mosi Januari na tarehe mosi Julai. Serikali nzima inahesabu hivyo."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa Kalinzi peke yake. Kahawa haimwulizi mtu mwezi uko wapi. Inaiva mwezi ukiwepo, inaiva usipokuwepo. Dagaa sivyo. Karabai huwahadaa kukiwa na giza tu. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa zinakuwa kama kibatari mbele ya jua, na wavuvi huvuta vyombo pwani wakashona nyavu, wakaoa, wakapigana, mpaka giza lirudi. Kila mtoto wa Katonga alilijua hilo. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia karani.

Tarehe mosi Januari 1965 debe lililia mara nne. Tarehe mosi Julai lililia mara tatu, maana dagaa walijaa mpaka paka walichagua. Mama Faustini akalipa tano kwa kila hati, kisha nne, akawalipa wapiga kasia, akanunua mafuta, akabakiwa na cha kumtumia Faustini. Kipe alikipaka rangi ya buluu. Alikaa juu ya jiwe la Mzee Dunia siku moja, kama malkia, mpaka akafukuzwa.

Tarehe mosi Januari 1966 likalia mara sita. Alishangaa kidogo, akaongeza moja, akajua Julai atalipa saba. Akajipanga, ikawa tayari.

Ndipo siku mbili kabla ya Julai mosi alipomkuta Anatoli kwenye mchanga akikipima kipe kwa shubiri.

"Shikamoo nisikupe, Bwana Anatoli, hatuachani sana kwa umri. Unatafuta nini?"

"Napenda kujua urefu," alisema Anatoli. "Na hii buluu, inatoka kwa mafuta ya taa?"

Alikwenda zake akipiga mluzi. Mtu wa misa ya kwanza hapigi mluzi bure. Mama Faustini alikaa juu ya mtumbwi wake akatazama pwani nzima. Vyombo vyote vilikuwa vimevutwa juu. Nyavu zilikuwa zimetandazwa. Kila mtu alikuwa akishona.

"Mwanaima!" aliita. "Keshokutwa ni tarehe mosi, na hakuna anayevua!"

"Watavuaje? Mwezi ni kama sinia."

"Mwaka jana tarehe hii walivua."

Mwanaima aliacha kugeuza dagaa. Alikuwa Mwislamu wa Ujiji, na hesabu ya mwezi alizaliwa nayo. "Ngoja," akasema, akikunja vidole. "Mwaka jana, Januari mosi, tulikuwa bado hatujauona mwezi wa mfungo. Mwaka huu, Januari hiyo hiyo, nilikuwa nimekwisha funga nane. Mfungo unarudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka, hata mtoto anajua. Tarehe yenu hiyo imesimama kama nguzo, shoga. Mwezi ndio unaoipita."

Wakatazamana. Yote yakaonekana kama chini ya maji ya asubuhi. Ile sita ya Januari haikuwa neema; ilikuwa mwezi nusu. Na keshokutwa ni mwezi mzima. Bei itapanda, si kwa sababu dagaa wanalipa, bali kwa sababu hawapo. Yeye alikuwa amefunga faida na bei, akisadiki bei ya juu ni mfuko uliojaa, kumbe kuna bei ya juu ya mfuko mtupu.

Mwanaima alikwenda dukani kununua chumvi asiyoihitaji, akarudi na habari. Anatoli alikuwa ameikodi ngalawa ya watu watatu wavue mbalamwezi ile, walete kapu moja tu, hata nusu. Binamu zake wawili watalipigania jiweni mpaka shilingi kumi na tisa. Fedha zitatoka mfuko wa Anatoli na kurudi mfuko wa Anatoli.

Kumi na tisa, ongeza moja, ni ishirini. Ishirini mara kumi na mbili ni mia mbili na arobaini. Kipe kizuri, nusu mwaka nzuri, kilimwachia mia na hamsini. Januari ingefika, siku saba zingepita, na buluu ile ingekuwa ya Anatoli.

Alimkuta Oswald stesheni akipima ndizi za mtu. Alimweleza. Oswald alisikiliza mpaka kwenye mwezi, kalamu ikamdondoka.

"Mawe wee!" alisema kwa Kiha, akimwita mama yake marehemu. "Yaani hawavui? Kabisa?"

"Kabisa."

"Na watu wote walijua?"

"Hata mbuzi walijua."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Wewe mbona hukutuambia kwamba kahawa ni nyekundu?"

Oswald alikaa kitako juu ya mizani, sindano ikaonyesha uzito wake, si mwingi. Alisema hati haibadilishwi bila wenye hati wote kukubali, na Anatoli hatakubali. Alisema ataacha kazi. Alisema atarudi Kalinzi akalime.

"Nyamaza kwanza," alisema Mama Faustini. "Nisomee tena pale penye debe."

Aliisoma kwa sauti ya kilio. "Bei ya kapu la kwanza litakalopigiwa debe katika jiwe la Katonga asubuhi ya tarehe mosi."

"Haisemi dagaa wawe wamevuliwa lini?"

"Haisemi."

"Haisemi wawe wazuri?"

"Mama, nani anaandika..."

"Unafuga bata, Bwana Karani?"

"Sifugi."

"Utaanza."

Nyumbani kwake, chini ya turubai, palikuwa na dagaa wa usiku wa mwisho wa giza. Umande uliwapata kabla hawajakauka, wakaachwa. Siku ya tano walikuwa wamefika mahali ambapo hata nzi huja wakaomba radhi. Aliwajaza katika kapu lile lililovuka ziwa na baba yake, kwa kuwa ndilo pekee ambalo Mzee Dunia asingelipima na kulikataa kwa udogo. Aliliomba msamaha, akalifunika kwa majani ya mgomba.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe mosi Julai, Anatoli alikuwa chini majini na binamu zake, wakisaidia kuivuta ngalawa. Wavuvi wake walikuwa wamechoka, wamepata nusu kapu, na wakitaka kulipwa kabla ya kushusha. Wakiwa bado wanabishana, Mama Faustini aliliweka kapu juu ya jiwe.

Mzee Dunia alilifunua. Alilifunika. "Binti Kasongo," alisema, "hili si kapu. Hili ni mazishi."

"Shikamoo, Mzee. Jiwe linakataa kapu?"

"Marahaba. Jiwe halijawahi kukataa." Alishika pua kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. "Nani ananunua?"

Wanawake walirudi nyuma hatua tatu. Akajitokeza Oswald, amevaa koti la reli na vifungo vyote, macho yakimtoka kwa harufu.

"Shilingi moja," alisema. "Ni chakula cha bata."

"Nani anaongeza? Hakuna? Kweli hakuna? Nisingetegemea."

Ngwa!

Kule majini Anatoli aliinua kichwa. Alingojea la pili. Binamu zake wakangojea naye, kila mmoja na noti mpya za serikali zikimtokeza mfukoni. La pili halikuja. Alipofika jiweni, akitiririka maji mpaka magotini, Oswald alikuwa amekwisha kulipa na kulikumbatia kapu kama mtoto wa mwenziwe.

"Samaki waliooza!" alipiga kelele Anatoli. "Huu ni wizi!"

"Hati inasema kapu la kwanza," alisema Mama Faustini. "Haikusema wawe wanapumua. Na wewe nusu kapu lako la kumi na tisa ulilifungia mkataba na nani, na samaki?"

Wanawake walicheka wakashikana mabega. Mmoja alikaa chini mchangani. Halafu kicheko kikapungua, kikaanza kufa kimoja kimoja, kwa maana walikuwa wanahesabu. Moja, ongeza moja, ni mbili. Sakafu ni tatu. Nusu mwaka nzima, shilingi tatu. Wawili waliochangia hati moja wangepata moja na senti hamsini kila mmoja.

Mwanaima alikuwa hacheki tangu mwanzo. "Nimefurahi kwa kipe chako," alisema taratibu. "Lakini mto wangu, shoga? Mimi si Anatoli."

Hilo Mama Faustini hakuwa amelipigia hesabu. Alikuwa ameshinda. Angeweza kulipa thelathini na sita badala ya sitini za debe la kawaida, akaenda kulala. Na kila Januari na Julai angeweza kuleta mazishi mapya. Alimtazama Mwanaima, akatazama mikono ya wale wengine, yote yenye magamba kama yake.

"Bwana Karani," aliita. "Weka bata wako chini. Una kalamu?"

Oswald siku zote alikuwa na kalamu.

"Andika. Debe la leo tunalifuta. Halisomwi tarehe mosi tena. Linasomwa asubuhi ya kwanza ya giza inayofuata tarehe mosi, vyombo vyote vikiwa vimetoka. Dagaa wawe wa usiku ule ule. Na si kapu moja, kapu moja hununulika. Makapu matatu ya kwanza, ya watu watatu. La bei ya juu liache, la chini liache, shika la katikati. Vyombo visipotoka kwa dhoruba au kwa amri, tumia debe la mwisho lililosomwa. Sakafu tatu, kama mlivyotaka." Akavuta pumzi. "Na dari nane, kama nilivyotaka mimi."

"Na mimi nikikataa?" aliuliza Anatoli.

"Nitakulipa tatu. Na Januari nitaanza kuwaozesha mapema."

Mzee Dunia, ambaye hakuwa na hati wala bata, alikohoa. "Mwanangu Anatoli, tia sahihi. Upepo unageuka unakuja huku."

Wanawake wakaweka dole gumba. Anatoli aliandika jina lake mwisho, kwa herufi ndogo. Giza la kwanza liliporudi, makapu matatu yalipigiwa nne, tano na nne. La katikati lilikuwa nne. Ongeza moja. Mwanaima alisikia akiwa kitandani, akalala tena.

Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na redio ikawasema wanyonyaji asubuhi na jioni. Anatoli alifika kwa Mama Faustini akiwa ameacha kofia yake nyumbani, akaomba hati zake tano ziandikwe "Kikundi cha Wakulima na Wavuvi". Mama Faustini alimwambia kikundi kina mtu mmoja mwenye tumbo kubwa. Alimlipa kama wengine, senti kwa senti, mchana, mbele za watu, jambo ambalo lilimtesa Anatoli kuliko kutolipwa.

Na miaka mitatu ikatimia. Januari 1968, barazani pale pale, wenye hati wote walikuja na karatasi zao. Ya Mwanaima ilikuwa na umbo la mto. Faida ya mwisho ililipwa, kisha mia zikarudi mia, moja moja, na kila hati ilichanwa mara mbili. Kipe cha buluu kilikuwa chake bila kudaiwa na mtu. Miaka ya baadaye kingeingia katika kijiji cha ujamaa, debe lingenyamazishwa, na bei zingeandikwa kwa chaki juu ya ubao usiofutwa hata dagaa wakitoweka. Lakini siku hiyo kilikuwa chake.

Oswald, aliyekuwa na mvi sasa kidogo, alichana hati yake mwenyewe, akafungua daftari na kuandika mstari wa mwisho. Kuhusu kapu lile la Julai hakuwahi kusema. Ilijulikana tu kwamba alilibeba mpaka nyumba za reli, majirani wakamshitaki kwa stesheni masta, akawazika dagaa nyuma ya choo. Kapu lenyewe alilisafisha kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya reli, akalianika, akalisafisha tena, mwaka na nusu, akiona haya kulirudisha linanuka.

Alisimama, akasoma kwa sauti ya kiserikali: "Leo hii, mbele ya mashahidi, hakuna anayemdai mwenzake kitu chochote."

Watu wakapiga makofi. Mama Faustini aliinama juu ya daftari, kana kwamba anaukagua mwandiko, na akasema kwa sauti ndogo ambayo hata Anatoli, aliyekuwa hatua moja tu, hakuisikia:

"Na kapu langu?"